Balbu ikiwaka, je, iko sawa?

Wenye magari wengi Nairobi huamini kwamba balbu mpya ikiingia na kuwaka, kazi imekwisha. Kwa magari ya zamani, mara nyingi ni kweli. Mengi ya sasa yana kompyuta inayopima umeme unaopita kwenye taa. Balbu ya kawaida ya breki hula wati 21. Ile ya LED uliyonunua Kirinyaga Road huenda inakula wati 3 tu, na kompyuta ikadhani imeungua. Ndipo dashibodi hutoa onyo, au indiketa hupepesa mbiombio. Balbu nyingine za LED huvuruga redio, hata rimoti ya milango.

Kabla ya kulipia gari kupimwa kwa mashine (na si bei ndogo), weka tena balbu ya aina ya awali isiyoungua uone kama hitilafu itatoweka. Namba iliyochapwa kwenye kitako cha balbu ilingane na ya kitabu cha gari.