Je, wajua kwa nini vyuo vya wamisionari vilivyokuwa China viliishia Hong Kong?

Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China mwaka 1949, nchi hiyo ilikuwa na vyuo vikuu vya Kiprotestanti vipatavyo 13, vingi vikitegemea fedha za Marekani. Miongoni mwake ni Yenching cha Beijing, Lingnan cha Guangzhou na St. John's cha Shanghai. Kufikia mwisho wa 1952 vyote vilikuwa vimevunjwa.

Vita vya Korea ndivyo vilivyoharakisha mambo. Mwishoni mwa 1950, majeshi ya China na Marekani yakiwa vitani, Washington ilizuia mali za China. Beijing nayo ikaagiza kila taasisi iliyoishi kwa ruzuku ya Marekani iwekwe chini ya udhibiti wa serikali. Eneo la Yenching lilipewa Chuo Kikuu cha Peking, na kipo hapo hadi leo.

Sasa chuo kinahama vipi? Majengo, maktaba na maabara vilibaki. Waliovuka mpaka ni walimu na wanafunzi, wengi wakiwa wakimbizi, na fedha za wafadhili wa New York zikawafuata.

Hong Kong, koloni la Uingereza, ilikuwa jirani kabisa na Guangzhou, tena watu wake walizungumza Kikantoni kilekile. Pengo nalo lilikuwepo: chuo kikuu pekee cha koloni kilifundisha kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma sekondari kwa Kichina alizoea kwenda China bara kuendelea na masomo, na sasa njia hiyo ilikuwa imebana. Waingereza nao walihofia kwamba atakayekwenda huko atarudi mkomunisti. Wakaviacha vyuo vipya vifundishe, ila mamlaka ya kutoa shahada hawakuvipa.

Chuo cha Kikristo cha Chung Chi, kilichorithi kazi ya vyuo vile vilivyovunjwa, kilianza 1951 katika vyumba vya kuazima vya makanisa, kikiongozwa na Lee Ying-lam, aliyewahi kuwa mkuu wa Lingnan. Lakini kinachonigusa zaidi ni New Asia, ambacho hakikuwa cha wamisionari hata kidogo. Mwanahistoria Qian Mu na wakimbizi wenzake walikifungua 1949 kwa masomo ya jioni, kisha wakapanga ghorofa mbili katika mtaa wa Kweilin. Wanafunzi wengi hawakuwa na ada, na wengine walilala kwenye ngazi za jengo hilohilo. Mwaka 1954 Yale-in-China, shirika la Kimarekani lenye asili ya kimisionari lililokuwa limepoteza shule na hospitali yake Changsha, likaanza kukifadhili. Qian Mu alizipokea fedha, na mafunzo ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, yakaendelea kuwa moyo wa chuo. Kwangu mimi, huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa mtu asiye na hata jengo lake.

Mwaka 1956 Chung Chi kilihamia bonde la Ma Liu Shui, na reli ikakiwekea kituo. Mwaka 1963 Chung Chi, New Asia na chuo cha tatu, United, viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, kikawa na mamlaka ya kutoa shahada zake chenyewe. Kituo kile cha treni leo kinaitwa Chuo Kikuu.