Usomaji wa kuongozwa ni kitu gani hasa
Kwa kifupi ni mwalimu kukaa na kikundi kidogo, watoto 4 mpaka 6 hivi ambao uwezo wao unakaribiana, kila mmoja ana nakala yake ya kifungu kilekile, na kifungu kiwe kigumu kidogo tu kuliko wanachokiweza wenyewe. Ule mtindo wa mwalimu anasoma mstari darasa zima linaitikia, ambao ukipita karibu na shule nyingi hapa Arusha asubuhi unausikia mpaka barabarani, sio huu, maana pale mtoto anaweza kufuata sauti ya mwenzake mwaka mzima na hajasoma kitu.

Huko Marekani, ambako wataalamu wa kufundisha kusoma Irene Fountas na Gay Su Pinnell waliueneza sana huu usomaji wa kuongozwa miaka ya 1990, wanaangalia kama kifungu kinamfaa mtoto kwa kuhesabu maneno aliyoyapatia, kwenye 100 awe amepata 90 na kitu. Kwa Kiswahili kipimo hicho peke yake kinadanganya bwana. Lugha yetu inasomeka kama inavyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishaziweza silabi anatiririka ukurasa mzima bila kukosea na hajaelewa lolote, alafu maswali yetu ya ufahamu yanamfichia. Ona hii: "Kibuzu alizopa mlagu sokoni. Nani alizopa mlagu?" Kibuzu! Vema, na hakuna anayejua mlagu ni nini.

Sasa chukua kikundi chako mkae kwenye mkeka pembeni na kifungu kama hiki: "Mama alirudi kutoka soko la Kilombero na kikapu kitupu. Watoto wakatazamana. Asha akaenda kuzima jiko." Kabla ya kusoma mnaongea kidogo, mama anaendaga sokoni kufanya nini, na kwa watoto ambao nyumbani wanaongea Kimaasai au Kimeru hapo usiparuke, ndipo neno kama "wakatazamana" linafafanuliwa. Kisha kila mmoja anasoma kwa kunong'ona, sio kwa zamu, wewe unamwinamia mmoja mmoja kusikiliza, na akikwama usimtajie neno haraka. Wakimaliza uliza, kwa nini Asha alizima jiko? Kifungu hakijasema. Mmoja atajibu chakula kimeiva. Muulize tu sentensi ipi imemfanya aseme hivyo, atarudi mwenyewe kwenye kikapu kitupu au mwenzake atambishia, na kwenye mabishano hayo ndio ufahamu unafundishwa.

Darasa la watoto 80 je? Vikundi vyote siku moja huwezi. Fanya kimoja au viwili, dakika 20 hivi, wengine wanasoma wawiliwawili au wanafanya kazi ya ubaoni, na wiki za mwanzo kazi yako kubwa ni kuwazoesha hao kukaa bila wewe, la sivyo kelele zitakushinda. Vitabu havitoshi? Andika kifungu kwa mkono, sentensi 5, katoe kopi stesheneri. Wanaosuasua wape zamu nyingi zaidi, na mtoto akipanda muhamishe palepale, usisubiri mwisho wa muhula, maana watoto wanajua haraka sana kikundi kipi kinaitwa cha wajinga.