Kumbukumbu imejaa? Ipi hasa?

"Nunua chipu yenye kumbukumbu kubwa." Hapa Bukavu ndilo shauri la kwanza kila kifaa kinapoanza kujizima na kujiwasha. Kijana mmoja wa Kadutu aliniletea chake cha kupima volti za betri za sola: chipu ya ATmega328P (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), kioo kidogo na kadi ya SD. Programu ilijaza nusu tu ya flashi, kumbukumbu inayotunza programu, ya kilobaiti 32. Akaamini nafasi ipo tele.

Nafasi ya flashi, ndiyo. Lakini RAM ya chipu hiyo, kumbukumbu ya kazi ya muda, ni baiti 2,048 tu. Picha ya kioo cha nukta 128 kwa 64 hula 1,024, kadi hula 512, na zinazobaki hugombaniwa na vigeu, steki (rundo la kazi zinazoendelea) na bafa (hifadhi za muda) za seriali. Kibaya zaidi, baadhi ya maktaba za kioo huomba baiti zao kifaa kikishawaka, kwa hiyo ripoti ya kompaila (kitafsiri cha programu) haizitaji kabisa. Na kila sentensi uliyoiandika ndani ya alama za nukuu hunakiliwa kwenye RAM, usipoifunga kwa F(), agizo linaloiacha kwenye flashi.

Wengine hudhani chipu ya bit nane kama hii hufikia baiti 256 tu. Sivyo, anwani za data katika AVR, familia ya chipu hizi, zina bit 16.

Basi tununue chipu kubwa zaidi, ATmega2560? Flashi yake ni mara nane, kilobaiti 256, lakini RAM ni kilobaiti 8. ATmega1284P ina flashi nusu ya hiyo na RAM mara mbili, kilobaiti 16, tena hupatikana kwa umbo la miguu 40 ya kuchomeka. Miguu 100 ya 2560, myembamba kama nywele, sitamani kuilehemu umeme ukikatika katikati ya kazi! Sifa ya 2560 ni kwamba inaweza kuunganishwa na RAM ya nje kwa basi lake (nyaya za kupitishia data). 1284P haina basi hilo.

Kuna pia wanaohamishia kila kitu EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Andika pahali pamoja kila dakika, na siku 69 tu umezimaliza.

Kijana hakununua chipu. Tulibadili namna ya kuchora, kioo kichorwe kipande kwa kipande kwa bafa ya baiti 128, tukafunga maneno yote kwa F(). 328P ileile ndiyo inayopima betri zake hadi leo.