Mkao wa molekuli ndani ya fuwele

"Fuwele imepimwa kwa eksirei, kwa hiyo sasa tunalijua umbo halisi la molekuli." Sentensi hii inarudiwa mno, hata na wanaojua kemia vizuri, na kinachoiharibu ni hilo "halisi".

Maana kwanza, kwa haraka. Konfomesheni, au mkao, ni jinsi sehemu za molekuli zilivyogeuka kuzunguka bondi zake moja moja, bila bondi yoyote kukatika. Hupimwa kwa pembe ya msokoto, yaani kiasi ambacho bondi imezungushwa. Basi.

Kinachosahaulika ni ukubwa wa nishati zinazohusika. Kukata bondi moja ya kaboni kwa kaboni hudai takriban kilojuli 350 kwa moli, ilhali kuizungusha ile ya ethani mpaka ivuke kizuizi chake hudai 12 tu. Bondi ya kawaida ya haidrojeni kati ya molekuli mbili, yaani mvuto wa haidrojeni ya moja kwa atomi kama oksijeni ya nyingine, huwa na kilojuli 10 hadi 40. Mguso mmoja wa van der Waals, yaani mvuto mdogo kati ya atomi zilizokaribiana bila bondi, ni hafifu zaidi, ila ndani ya fuwele miguso hiyo ni mingi na hujumlishwa. Kwa hiyo majirani, yaani molekuli zilizo kando, hawabadilishi takriban chochote kwenye urefu wa bondi, lakini kwenye msokoto wana sauti kubwa.

Chukua bifenili, pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa bondi moja. Ikiwa gesi, pete hizo zimepishana kwa nyuzi 44 hivi, kwa sababu haidrojeni zilizo karibu na kiungo husukumana. Ndani ya fuwele, kwenye joto la kawaida la chumba, pete zinaonekana zimelala bapa. Kulala bapa kunaigharimu molekuli kilojuli 6 hadi 8 kwa moli, na gharama hiyo hufidiwa na majirani, maana molekuli bapa hupangana kwa kubanana zaidi. Tena ubapa wenyewe ni wastani: duaradufu za atomi za pembeni, zinazochorwa kuonyesha atomi inatikisika kiasi gani, huvimba, dalili kwamba pete zinayumba huku na huku. Poza fuwele chini ya kelvini 40 na msokoto hurudi, nyuzi 10 hivi. Sasa lipi ndilo "halisi" hapo?

Kosa pacha lake ni kudhani kwamba polimofu mbili za dutu moja, yaani aina mbili za fuwele zake, lazima zitofautiane kwa mkao. Si lazima. Parasetamoli ina molekuli zenye mkao karibu uleule katika polimofu I na II. Kilichobadilika ni upangaji. Katika I tabaka zimekunjamana, na unga wake ni mgumu kushindilia kuwa kidonge bila kiunganishi. Katika II tabaka ni bapa, huteleza moja juu ya nyingine, na unga hushikana vizuri ukigandamizwa.

Ritonavir, dawa ya VVU, ndiyo mfano wa mkao wenyewe kubadilika. Iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 ikajitokeza polimofu II, isiyoyeyuka kirahisi kama ya kwanza, na kapsuli zikaondolewa sokoni. Ndani ya polimofu II kundi la kabameti, sehemu ya molekuli yenye naitrojeni na oksijeni, limegeuka upande ambao molekuli ikiwa peke yake haiupendi. Gharama hiyo hulipwa na bondi za haidrojeni zilizo imara zaidi. Ila bondi hizo hupatikana fuwele ikishajengeka. Kwenye mmumunyo molekuli zenye mkao huo ni chache, hivyo mbegu ya kwanza ya fuwele huzaliwa kwa shida. Ndiyo maana polimofu iliyo tulivu zaidi ilichelewa kuonekana.

Kwa hiyo, badala ya "umbo halisi la molekuli", andika "mkao ulioonekana katika polimofu I, kwa kelvini 100", na utaje pembe ya msokoto. Ukitaka kuzungumzia molekuli yenyewe, fanya hesabu yake ikiwa peke yake, kisha linganisha na NMR (kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku) ya mmumunyo. Pembe zikitofautiana, usiharakishe kusema kipimo kimoja kimekosea: angalia kwanza miguso na majirani, yote kwa pamoja, wala si ile bondi moja ya haidrojeni inayopendeza kwenye mchoro.