Dawa Zimekwisha Zahanati: Kikundi cha Kijiji Kishike Wapi?

Maswali yanayoulizwa na vikundi vya akina mama, vijana na wavuvi katika Kaunti ya Lamu.

Afya ni kazi ya serikali. Sisi tunaingiaje?

Kwa mlango wa Katiba ya Kenya ya 2010. Nyongeza ya Nne imekabidhi kaunti hospitali zake, zahanati na ambulansi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kazi yenu ni kufuatilia, kupendekeza na ikibidi kulalamika rasmi. Kununua dawa si kazi yenu: kikundi kikizoea kuziba pengo kwa mchango, kaunti haitaliona pengo hilo wakati wa bajeti.

Kila mara tunaambiwa dawa hakuna. Tuanze na nani?

Msianze kwa kumfokea nesi. Mara nyingi yuko peke yake, na anatukanwa kwa kosa la mtu wa ofisini. Kaeni na kamati ya kituo, mchague dawa chache za kufuatilia: vidonge vya AL vya malaria, amoksilini ya watoto, pakiti za ORS na zinki za kutibu kuhara, sindano ya oksitosini kwa wanaojifungua. Kila wiki, siku ileile, watu wawili waombe kuonyeshwa kadi ya stoo. Andikeni tarehe, idadi iliyobaki na siku ambazo dawa haikuwepo. Daftari la wagonjwa msiliguse. Hiyo ni siri ya watu.

Baada ya miezi mitatu mtaona mnyororo umekatikia wapi. Kama kituo kiliagiza kwa kuchelewa, ongeeni na msimamizi wake. Kama oda ilikwenda lakini KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, haijalipwa na kaunti, hilo ni la idara ya afya na hazina ya kaunti. Dawa zikiwa zimefika kisiwani Amu na zinangoja mafuta ya boti ili zivuke kwenda Pate au Kiunga, dai lenu ni usafiri, wala si dawa. Na kama hati ya kupokelea inaonyesha makopo kumi na kadi inaonyesha sita, hapo pana swali la uadilifu. Liandikeni kwa barua, msilipigie kelele sokoni.

Wakikataa kutuonyesha karatasi?

Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na kuiwasilisha hakuna ada, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Habari inayogusa uhai wa mtu hutakiwa ndani ya saa 48. Barua nyingi hukwama kwa sababu zinaomba “taarifa zote za afya”. Ombeni kitu kimoja: nakala za hati za kupokelea dawa za zahanati fulani, Januari hadi Machi. Chukueni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkinyimwa, mna siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala.

Bajeti tuizungumzie lini?

Mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, viwango vya juu vya matumizi ya kila idara kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayengoja Mei anakuta keki imeshakatwa. Pelekeni ukurasa mmoja: kituo gani, kitu gani, shilingi ngapi, na jedwali la siku bila dawa.

Kikao kikiitwa mjini Lamu saa tatu asubuhi, watu wa Faza, kisiwani Pate, watategemea maji kujaa ndipo boti lipite vizuri kwenye mkondo wa Mkanda. Andikeni mapema kuomba kikao kifanyike Faza, au saa ilinganishwe na maji.

Tulisaini orodha, tukanywa soda. Huko ni kushirikishwa?

Saini peke yake haitoshi. Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, katika rufaa ya muungano wa wananchi wa Save Lamu na wenzao. Ushirikishwaji wa umma ulionekana kuwa na kasoro: mikutano ilifanywa kabla watu hawajapewa ripoti kamili ya madhara. Kwa hiyo ombeni hati siku kadhaa kabla ya kikao, muwe na kumbukumbu zenu wenyewe, na kwenye orodha mwandike “nimehudhuria”, msikubali iandikwe “nimekubali”.

Mwenyekiti wetu anataka kugombea uwakilishi wa wadi. Aendelee?

Ajiuzulu uenyekiti kwanza. Vivyo hivyo mwenye zabuni ya kuuzia hospitali chakula au mafuta: asishike daftari la ufuatiliaji, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Daftari lishikwe na wawili wasio wa nyumba moja, na lisomwe mbele ya wanachama kila mwezi.