Chanzo cha msingi katika utafiti wa filamu: maana yake na namna ya kukitambua

Chanzo cha msingi ni kitu ambacho mtafiti anakichunguza chenyewe, kwa macho na masikio yake, ilhali chanzo cha upili ni maelezo ya mtu mwingine aliyekwisha kukichunguza kitu hicho. Katika tasnifu nyingi husomeka kwamba data za msingi zilikusanywa uwandani na data za upili zikapatikana maktabani. Mgawanyo huo unamfaa anayewahoji wakulima wa korosho kule Newala, lakini unampotosha anayetafiti filamu na vyombo vya habari, kwa sababu filamu, gazeti la zamani na kanda ya redio huweza kuwa zimehifadhiwa maktabani na bado zikawa data za msingi kabisa.

Kinachoamua ni swali la utafiti. Mwanafunzi mmoja hapa Mtwara aliniletea diski aliyoinunua sokoni, filamu ya mapigano kutoka ng'ambo iliyowekewa juu yake sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, kama zile zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video mitaani. Aliona aibu kuitumia, akidhani ni nakala iliyoharibiwa na kwamba ilimpasa kutafuta filamu ya asili. Swali lake, hata hivyo, lilihusu namna watafsiri wanavyoifanya hadithi ya kigeni iwe ya kwetu. Tuliisikiliza pamoja, shujaa alipopanda gari, mtafsiri akasema anawahi basi la Masasi, maneno ambayo hayamo katika mazungumzo ya asili. Kwa swali lile, sentensi hiyo ndiyo data ya msingi, na filamu ya asili inabaki kuwa ya kulinganishia tu.

Chukua pia mpango wa karanga, yaani mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa wingi Tanganyika, ulioanza mwaka 1947, ambao ulifika Nachingwea, ukasababisha kujengwa kwa bandari ya Mtwara, kisha ukafutwa mwaka 1951. Filamu za habari za Uingereza zilizoonyesha matrekta yakifyeka pori kwa ajili ya mpango huo ni ushahidi wa kutiliwa shaka kwa anayetaka kujua mavuno yalikuwaje, kwa kuwa mpiga picha alichagua cha kuonyesha na cha kuficha. Kwa anayeuliza jinsi serikali ya kikoloni ilivyojitangaza, uchaguzi huohuo ndio kiini cha utafiti. Vivyo hivyo uhakiki wa filamu gazetini: ni chanzo cha upili kuhusu filamu, lakini ni cha msingi kuhusu namna ilivyopokelewa, na hapa ndipo naona wengi wanapopoteza hazina, kwa kuyapita majalada ya magazeti wakikimbilia vitabu vya nadharia.

Vyanzo vya upili havina tabu kubwa kupatikana. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, vitabu vya filamu viko kwenye namba 791.43 na vya televisheni 791.45, katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, filamu huanzia PN1993. Makala za majarida hutafutwa kwenye hifadhidata ambazo chuo kimejisajili, na anayesoma kwa masafa akiwa Lindi amwulize mkutubi namna ya kuingia akiwa nyumbani kabla hajalipia makala yoyote kwa fedha yake.

Chanzo cha msingi kinadai uangalifu zaidi wakati wa kukinukuu. Filamu moja huweza kuwa na matoleo kadhaa, moja refu, jingine lililokatwa, jingine lenye sauti ya mtafsiri. Kwa hiyo inapasa kuandika ni toleo lipi ulilotazama, ulilipata wapi na tukio linaanza dakika ya ngapi. Yule mwanafunzi wa diski aliandika pia maneno yote yaliyokuwa kwenye kasha lake, kwa sababu jina alilojipa mtafsiri lilionekana hapo tu.