Namba ya kwenye giaboksi: kukadiria uzalishaji bila kuingia kiwandani

Mimi ni mtu wa takwimu, na wafanyabiashara huniuliza mara kwa mara kama inawezekana kujua mshindani ametengeneza bidhaa ngapi bila yeye mwenyewe kusema. Mara nyingi inawezekana, ilimradi bidhaa zake ziwe na namba za mfululizo, na hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Ugumu uko kabla ya hesabu, katika kujua namba hizo ziligawiwaje.

Tuseme tumepata bidhaa tano zenye namba 14, 31, 52, 78 na 95. Kati ya 1 na 95 kuna namba 90 ambazo hatukuziona. Tukizigawanya kwa tano, tunapata pengo la wastani la 18, na kwa kuwa hakuna sababu ya kudhani kwamba pengo lililo juu ya 95 ni tofauti na mengine, tunaongeza 18 na kupata makadirio ya 113. Wapo wanaopendelea kuchukua wastani wa namba zote, kuuzidisha kwa mbili na kutoa moja, njia ambayo siipendi: namba zikiwa 2, 5, 8, 9 na 96, itakuambia kiwanda kimetengeneza bidhaa 47, ilhali mkononi unayo ya 96.

Kadirio la 113 lisitajwe peke yake. Kwa sampuli ya bidhaa tano, idadi halisi inaweza kufika 173 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kama zingekuwa hamsini, kikomo hicho kingekuwa takriban asilimia 6 tu juu ya namba kubwa iliyoonekana.

Mfano maarufu zaidi unatoka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1943, wachumi wa ubalozi wa Marekani jijini London walianza kuchunguza namba zilizopigwa kwenye vifaru vya Ujerumani vilivyotekwa. Giaboksi ziliwafaa sana kwa sababu namba zake zilifuatana bila kuruka, wakati za chasisi zilikuwa na mapengo na zilihitaji kupangwa upya kabla ya kutumiwa. Kuhusu kifaru cha Panther waligeukia magurudumu, na hapa ndipo ninapowavulia kofia: kutokana na magurudumu ya vifaru viwili tu, walikadiria idadi ya kalibu (viunzi vya kutolea umbo la gurudumu) zilizotumika, kisha wakawauliza watengenezaji wa magurudumu wa Uingereza kalibu moja huweza kutoa magurudumu mangapi. Walipata vifaru 270 vilivyotengenezwa Februari 1944. Nyaraka za Wajerumani zilionyesha 276. Kwa vifaru vya Ujerumani kwa jumla vilivyotengenezwa Agosti 1942, njia ya namba ilitoa 327 na ujasusi wa kawaida 1,550, ilhali idadi halisi ilikuwa 342.

Mafanikio hayo yasitufanye tusahau masharti. Mfululizo unaoanzia 10001, viwanda viwili vinavyogawana namba, au tarakimu zinazobeba mwaka na modeli, vyote huharibu jibu usipovigundua mapema. Sampuli nayo ina hila zake: bidhaa zote tano zikitoka duka moja, huenda zilishuka katika kontena moja, na namba zake zitakaribiana kwa sababu isiyohusiana na ukubwa wa uzalishaji.

Kisha kuna tofauti ambayo wateja wangu huiruka: namba hugongwa kiwandani, si dukani, kwa hiyo tunachokadiria ni uzalishaji. Bidhaa iliyolala ghalani, iliyorudishwa au kuteketezwa ina namba kama ile iliyouzwa. Kwa kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, madai ya mauzo yalianzia milioni 17 na kupanda hadi milioni 30, lakini uchambuzi wa namba za mfululizo uliotolewa mwaka 2011 ulifikia takriban milioni 12.5. Kwa kuwa huwezi kuuza kompyuta ambayo haikutengenezwa, kadirio la uzalishaji hapo linatosha kuyatilia shaka madai hayo, ingawa haliwezi kutuambia ni ngapi zilizomfikia mnunuzi.